Futi saba za ubao ndani ya buti ya basi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze kazi ambayo nimeifanya kwa mikono yangu kwa miaka miwili sasa: ubao wa kupandia mawimbi unaofunguliwa vipande vitatu, ukaingia begini, ukapakiwa basi kama mzigo wa abiria yeyote, kisha ukafungwa tena ukawa mzima. Barua ni ndefu. Ukilazimika kuipunguza, nakuomba upunguze habari zangu uviache vipimo, kwa kuwa vipimo ndivyo vilivyonishikisha kalamu.

Mimi ni fundi wa mashua hapa Malindi. Natia kalafati, nabadilisha mataruma yaliyooza, nabandika faiba mashua za wavuvi na za kutembeza watalii. Utotoni tulipanda mawimbi kwa vipande vya ngalawa zilizovunjika, tukilala kifudifudi, wimbi likitutupa mchangani vifua vimechubuka. Vijana wa leo husimama juu ya bodi, kama wanavyoiita wenyewe, na wapo wanaoicheza vizuri mno.

Asiyeijua pwani yetu huenda akauliza mawimbi hayo yanatoka wapi. Sehemu kubwa ya mwambao wa Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe. Wimbi huvunjika huko nje, na likifika kwa watu limekwisha nguvu. Malindi tuna mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji. Maji yake matamu pamoja na tope lake hayayapi matumbawe nafasi ya kukua mbele ya ghuba. Basi kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, Julai na Agosti hasa, wimbi linaingia hadi mchangani bila kizuizi. Wageni wakiona bahari imegeuka rangi ya udongo huhamia Watamu kutafuta maji ya buluu. Sisi tunajua kwamba mto huo huo unaoyachafua maji ndio uliotufungulia mlango wa mawimbi.

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alijifunza katika ghuba hiyo kwa bodi za kuazima. Baadaye akanunua yake, ya futi 7, kwa mtalii aliyekuwa akirejea kwao. Kisha akapata kazi ya ualimu Lamu. Huko nako mawimbi yapo: ufuko wa Shela una kilomita 12 hivi, umeitazama bahari kuu, na ukitembea ukauacha mji nyuma utalikuta wimbi la kusi linapiga. Alichokikosa ni bodi. Ilibaki kwangu, imeegemezwa ukutani karibu na mlango wa jikoni, na kila nilipopita nilihisi imenitazama.

Tulijaribu kuisafirisha. Makanga alidai nauli ya mtu mzima kwa ajili ya ubao, tukailipa. Ukafungwa juu ya keria, ukawekewa magunia na godoro juu yake. Njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe, penye gati la kuvukia Lamu, ina vizuizi. Abiria huteremka vitambulisho mkononi, na mara mbili ubao uliteremshwa ukaguliwe, kwa sababu ulikuwa umeviringishwa blanketi na hakuna aliyejua ni kitu gani. Askari walikuwa wakifanya kazi yao, siwalaumu. Lakini ulipofika Mokowe ulikuwa umekatika katikati vipande viwili, na hakuna aliyekubali kosa. Mpwa wangu alinipigia simu akiwa gatini, analia, akaniuliza, "Mjomba, nivitupe?" Nikamwambia, "Virudishe vyote viwili mwanangu, usitupe hata kibanzi."

Likizo ilipofika akavirudisha. Na safari hii hakutozwa chochote. Vipande viwili vya futi tatu na nusu viliingia kwenye buti, vikalala juu ya mabegi, vikafika Malindi bila mkwaruzo mpya. Ubao uliokatika ulikuwa umesafiri vizuri kuliko ubao mzima. Niliviweka juu ya meza ya kazi nikavitazama jioni nzima. Kuunganisha bodi iliyovunjika ni kazi niliyokwisha kuifanya mara nyingi, lakini usiku ule sikuona tena sababu ya kuunganisha kwa gundi kitu ambacho kesho kutwa kitakatika kwenye keria ile ile.

Ubao wa mawimbi hukatika kwa taratibu yake. Ni foamu nyepesi iliyovikwa ngozi ya faiba, na nguvu zote zimo kwenye ngozi. Mtu akisimama katikati na maji yakainua ncha mbili, ngozi ya juu inabanwa, ya chini inavutwa. Ile ya juu ndiyo inayotangulia kushindwa: inakunjamana, inaachana na foamu, na pigo linalofuata linamaliza kazi. Mkazo ni mkali zaidi katikati. Kwa hiyo niliukataa ubao wa vipande viwili, ingawa una kiungo kimoja tu cha kuhangaikia, nikachagua vitatu. Ubao wangu una urefu wa sentimita 213, upana 53, unene 7. Kiungo cha kwanza kiko sentimita 71 kutoka omo, yaani ncha ya mbele, cha pili sentimita 71 kutoka tezi, ncha ya nyuma. Katikati, pale penye mkazo, pamebaki pazima.

Kuunganisha vipande, kwanza nilitumia mvule, kwa kuwa ndio mti niliouzoea. Nilichonga ndimi nne, nikazitengenezea matundu yake, zikaingia kwa namna inayopendeza macho. Mpwa wangu aliuchezea ubao ule siku nzima hapa ghubani. Jioni haukufunguka. Ndimi zilikunywa maji zikafura, na tulipozigonga kwa nyundo ya mti tukapasua ngozi. Mzee aliyenifundisha kazi hii, ambaye siku hizi haoni vizuri, alizipapasa kwa vidole akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Jahazi huponywa na kufura. Wewe unataka kitu cha kuingia na kutoka. Mti utaupa kazi gani hapo?" Tangu siku hiyo sijatia mti ndani ya kiungo. Mirija ya alumini nayo niliiacha mapema. Alumini ikikaa na bolti za chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga wake mweupe hukwamisha kiungo kama saruji.

Jawabu lilikuwa kwenye taka. Watu wa mbao za tanga, zinazosukumwa na upepo, wakivunja mlingoti huuacha, na milingoti ile ni ya nyuzi za kaboni. Ile myembamba ina kipenyo cha ndani cha milimita 32 sehemu ya chini. Mlingoti mara nyingi huvunjika mahali pamoja tu, na kwingine kote ni mzima. Nilikata mirija minne ya sentimita 40, miwili kwa kila kiungo, sentimita 20 upande huu na 20 upande ule. Msumeno ukipita kwenye kaboni funika pua na mdomo na ulowanishe pale unapokata, maana vumbi lake linawasha na si la kuvuta.

Sasa nieleze viwambo. Kila kipande cha ubao kinaishia kwenye kiwambo cha plaiwudi ya milimita 12, kilichochongwa kufuata umbo la ubao mahali pale. Natumia mabaki ya marinibodi, ile nyeusi usoni ambayo wajenzi humwagia zege. Gundi yake inavumilia maji, lakini ile ngozi nyeusi lazima uipige msasa mpaka mti uonekane, la sivyo epoksi, ile resini inayoshika kama gundi, haishiki.

Mara ya kwanza nilitengeneza kiwambo kimoja kimoja, kila kimoja kwenye kipande chake, nikitumaini vitakutana. Havikukutana. Tofauti ya milimita 2 kwenye tundu la mrija huwa upogo wa kidole kizima kwenye ncha ya ubao, na ubao uliopogoka hukuvuta upande mmoja kila unaposhika wimbi. Niliharibu foamu mbili kabla ya kufahamu kwamba viungo vinatakiwa vizaliwe pamoja. Viwambo viwili vinabanwa pamoja kwenye jiliwa, katikati vimewekewa karatasi ya nailoni iliyopakwa nta ya sakafu. Matundu yanatobolewa mara moja kupita vyote viwili. Mirija inaviringishwa selotepu, inapakwa nta, inaingizwa, na juu yake kila upande unavikwa faiba na epoksi, iwe ala ya kudumu. Epoksi ikikauka mirija inachomolewa na ala zinabaki. Unene wa selotepu ndio unaoacha nafasi ya mrija kuingia na kutoka. Jozi hiyo ya viwambo, ikiwa bado imebanwa, inapandikizwa ndani ya foamu kama kitu kimoja. Ndipo unapochonga ubao mzima, ukauvika ngozi ya faiba kuanzia omo hadi tezi kana kwamba hautakatwa kamwe. Ngozi ikikomaa unachukua ubapa mwembamba wa msumeno wa chuma, unaufuata mstari ule wa nailoni, unakata ngozi pande zote. Vipande vinaachana vyenyewe. Siku ya kwanza nilipovisikia vikiachana, tak, nilimwita mke wangu aje aone.

Fundi yeyote wa mashua anayesoma hapa anaweza kuifanya kazi hiyo kesho. Hakuna mashine ndani yake.

Mirija inabeba mkunjo, lakini haizuii vipande kuteleza vikaachana. Hilo ni la bolti. Kila kiungo kina bolti mbili za milimita 8, za chuma kisichoshika kutu, zinazokazwa kwa spana namba 13. Kichwa cha bolti kimekaa kwenye kishimo kilichochimbwa upande wa juu wa ubao na kuvikwa faiba. Nati imezikwa kwenye epoksi nyuma ya kiwambo cha pili, hivyo unahitaji spana moja tu. Usisahau grisi. Chuma hicho kikikazwa kikavu, nyuzi za bolti na nati hung'ang'aniana, na hapo utakata bolti.

Mwanzoni nilizitia bolti juu mno, karibu na pale panaposimamiwa, kwa sababu ni rahisi kupafikia. Ubao ulipokunjika kidogo kiungo kilifunguka kwa chini kama mdomo wa samaki, kikanywa maji. Nilizishusha hadi chini ya nusu ya unene, kishimo kikawa kirefu na cha kuudhi, na mdomo ukafungika. Katikati ya viwambo nimeweka mpira wa tyubu ya baiskeli, uliokatwa kwa umbo lile lile. Mpira huo unazuia maji, na pia unakilegeza kiungo kidogo sana kisiwe kigumu kama jiwe. Mitepe ya visiwa vya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na waliosafiri nayo walijua kwamba chombo kinachokubali kunyumbuka kidogo hudumu. Niliwaza mitepe sana nilipokuwa nikiukata mpira ule.

Kuna kosa moja naomba lichapishwe kwa herufi nzito ukiweza. Bodi ya mpwa wangu ilikuwa ya foamu ya poliyurethani, ile inayogeuka manjano ikizeeka, na resini tunayotumia kwenye mashua, ya polyesta, haiidhuru. Nilipotaka kutengeneza ubao mpya kabisa nilichukua foamu nyeupe, ile ya maboksi ya samaki, nikapaka resini ile ile ya mashua. Mbele ya macho yangu foamu ikayeyuka kama sukari, ikaacha bonde mahali pa kazi ya wiki tatu. Resini ya polyesta ina stairini ndani yake, na stairini hula foamu nyeupe. Foamu nyeupe inataka epoksi pekee. Epoksi ni ghali, na vipimo vyake vya resini na hadina, dawa ya kuigandisha, havikubali kukisiwa kwa jicho. Tena usiipake asubuhi jua linapopanda. Hewa iliyomo ndani ya foamu hutanuka kwa joto, hutoka, na kuacha malengelenge chini ya ngozi. Mimi huanza saa kumi jioni joto linaposhuka, hapo foamu huivuta epoksi ndani badala ya kuisukuma nje.

Ubao uliokamilika una kilo 5. Kabla ya kukatwa ungekuwa na kilo 3 na nusu hivi, kwa hiyo viungo vimeongeza kilo moja na nusu, na mchezaji anauhisi uzito huo anapogeuka. Mpwa wangu anasema ni ubao mzito wa kuanza kushika wimbi na mtulivu ukishashika. Sijauona kwenye wimbi linalozidi kimo cha mtu, na sitampa mtu yeyote moyo wa kuupeleka huko.

Vipande vitatu vikipangwa kimoja juu ya kingine vinakuwa na urefu wa sentimita 71, upana 53, kimo 21. Jumla ni 145. Mashirika mengi ya ndege huhesabu begi la kawaida kwa kujumlisha urefu, upana na kimo, isizidi sentimita 158, na uzito usizidi kilo 23. Kwa hiyo hata kijana atakayealikwa nje siku moja hatalipia mzigo wa ziada. Mchezo huu umeingia Olimpiki tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na sioni kwa nini mtoto wa Malindi asiwemo. Lakini sikuutengenezea ndege. Niliutengenezea basi la Lamu.

Sasa mpwa wangu ameshaenda na kurudi nao mara sita. Mfuko ameushona mwenyewe kwa turubai kuukuu na kuutandika kipande cha godoro. Kizuizini hufungua zipu, askari wanatazama, anafunga. Akifika Shela huufunga ubao barazani, juu ya leso iliyotandikwa, kabla ya kuteremka ufukweni, kwa sababu mchanga ndio adui mkubwa wa viungo hivi. Punje chache ndani ya ala zinatosha kukwamisha mrija. Kuufunga kunamchukua dakika 10. Watoto wa mtaa wanajua mahali spana inapowekwa na hugombania nani akaze bolti ya mwisho.

Wazo hili sikulizua mimi, na ingekuwa dhuluma nikinyamaza. Katika miaka ya 1960, mjini Ventura, California, Tom Morey na Karl Pope waliuza ubao wa vipande vitatu unaoingia kwenye sanduku. Morey ndiye aliyebuni mwaka 1971 ule ubao mfupi wa sponji wa kulalia, ambao watoto wa hapa wanaujua kuliko ubao mwingine wowote. Na kabla yao wote, Duke Kahanamoku wa Hawaii, muogeleaji bingwa, alipofika Sydney majira ya joto ya 1914 kuingia 1915, alichonga ubao wake huko huko kwa msonobari uliopatikana, akawaonyesha watu wa Freshwater jinsi wimbi linavyopandwa. Ukiwa na mikono ya Kahanamoku huhitaji kubeba ubao. Sisi wengine tunahitaji kuubeba, na hapo ndipo lilipo jambo linalonisukuma niandike.

Mbao za safari za aina hii zimetengenezwa kwa miaka mingi kwa ajili ya watu wanaosafiri kwa ndege kutafuta mawimbi. Hilo si baya. Lakini ukiwatazama wanaocheza hapa pwani, utakuta mwenye gari huchagua ufuko. Leo Malindi, kesho Kilifi, keshokutwa Diani. Asiye na gari hucheza pale alipozaliwa, na akipata kazi kwingine anaacha. Nimewaona watatu wakiacha hivyo, vijana wenye vipaji vya kweli, na wote watatu bodi zao ziliuzwa. Matatu haipakii futi 7. Tuktuk haipakii. Bodaboda ataipakia, na Mungu akulinde upepo ukiipiga ubavuni. Urefu wa ubao ndio unaowafungia njia, na urefu ni kitu ambacho seremala anaweza kukishughulikia.

Kwa hiyo nina maombi. Wenye mabasi ya masafa wabandike bei ya mizigo ukutani katika ofisi za tiketi, kwa uzito na kwa ukubwa, kila mtu aisome kabla hajalipa. Leo bei inategemea makanga amekuonaje, na hilo halimuumizi mwenye bodi peke yake. Muulize mama anayesafirisha vitanda vya kamba au mvuvi mwenye nyavu. Hoteli na shule za michezo ya maji zisitupe wala kuchoma bodi na milingoti iliyovunjika. Moshi wa vitu vile ni sumu, na kila kipande kina kazi. Mpigieni simu fundi aliye karibu, atakuja na mkokoteni.

Na vyuo vyetu vya ufundi vya kaunti vinafundisha useremala wa vitanda na milango, kazi nzuri, nami nilipitia humo. Vijana wa pwani wafundishwe pia faiba na epoksi kwa utaratibu, pamoja na namna ya kujikinga, kwa sababu sisi tulijifunza kwa kuungua ngozi na kukohoa. Mimi niko tayari kutoa alasiri mbili kwa wiki, bila malipo, kwa chuo chochote kilicho karibu na Malindi. Nina vielelezo vya viwambo vya futi 6, futi 7 na futi 8, vimechorwa kwenye maboksi. Yeyote anaweza kuja kuvinakili. Kwa ule wa futi 8 hesabu ya begi la ndege inakaribia mno mpaka na inategemea upana wa ubao, lakini kwenye buti ya basi unaingia.

Kuna jambo moja bado halijanikalia sawa. Mpira wa tyubu unachoka baada ya miezi minne hivi kwa jua na chumvi, unapoteza unene, na bolti zinaanza kulegea mchezaji akiwa majini. Mpwa wangu hukagua kila asubuhi, lakini mtoto anayeazima hatakagua. Nimejaribu mpira wa tairi ukawa mgumu kupita kiasi, nimejaribu raba ya ndara ikajaa maji. Kama kuna msomaji, fundi wa magari labda au wa mabomba, anayejua mpira wa milimita 2 usiodhurika kwa jua na unaouzwa kwa mita Mombasa au popote pwani, namwomba aandike kupitia ukurasa huu. Shule zinafungwa mwezi wa nane, mpwa wangu atakuja na ubao, na ningependa kuubadilisha kabla kusi halijapungua.

Wenu,
Fundi wa mashua,
Malindi